Gari Lililokunywa Maji ya Ukweni

Swali lililoninyima usingizi kwa siku tisa lilikuwa hili: niende Newala kujitambulisha ukweni kwa gari langu, au nipande lori la korosho kama mtu mwenye akili timamu?

Lori lingefika, hilo nililijua. Lakini mtu aliyerudi na shahada kutoka chuo kikuu cha Uganda, mwalimu anayevaa tai hata siku ya kusahihisha madaftari, ateremke kwenye lori mbele ya wakwe akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi soksi? Kwa upande mwingine, gari langu lilikuwa wazi juu, kwa hiyo vumbi lingekuwa lile lile. Na kwa upande wa tatu, maana mimi siku zote nina upande wa tatu, gari lenyewe lingeweza lisifike kabisa. Siku ya kwanza ya kuitwa ukweni, kutofika ni jibu. Wangesema nimekataa, binti angeaibika, na mimi ningekuwa nimekosa mke kwa sababu ya pampu ya petroli.

Gari hilo nililinunua kwa Mzungu mmoja wa mradi wa karanga kule Nachingwea, wakati mradi unafungwa na wenyewe wanauza kila kitu hadi vyandarua. Lilikuwa gari la mashindano, la viti viwili, rangi ya kijani, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli, na boneti ndefu iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi kama suruali. Mzungu aliniambia, "Ni gari zuri sana likiwa linakwenda." Maneno hayo niliyatafakari baada ya kulipa.

Pampu ya petroli ilikaa nyuma ya kiti cha abiria, ikigonga tik-tik-tik. Ikinyamaza, gari nalo linanyamaza, na dawa yake ilikuwa kuipiga kwa kisigino cha kiatu. Spoki zililegea kila wiki. Aliyezikaza ni fundi baiskeli wa Lisekese, ambaye alizidonoa moja moja kwa ukucha akisikiliza mlio wake, kisha akanitoza bei ya baiskeli mbili kwa sababu, alisema, magurudumu ni manne. Kabureta zilikuwa mbili na hazikuelewana. Tumbo la gari lilikuwa chini mno, likikwangua lile tuta la mchanga ambalo malori huliacha katikati ya barabara. Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ilivuja. Ukiiziba hapa, inavuja pale. Rejeta mpya ilibidi iagizwe Ulaya ije kwa meli, na bei yake ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili na nusu, mbali na gharama ya kuisafirisha.

Niliyaandika yote hayo kwenye daftari lenye safu tatu: yaliyoharibika, yanayoharibika, na yanayofikiria kuharibika. Siku mbili kabla ya safari nikalipeleka daftari pamoja na gari kwa fundi wangu, nyuma ya soko la Masasi. Wakati wa vita alikuwa dereva wa malori ya jeshi huko Burma, na hakuna mashine iliyomtisha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Leo limekuja lenyewe au limesukumwa?"

"Limekuja lenyewe."

"Basi huo ni ugonjwa mpya. Ngoja nilitazame."

Alilisoma daftari kwanza, akilishika mbali na macho. "Hapa ukurasa wa nne umeandika, 'Sauti kama ya mzee anayesafisha koo, husikika zaidi gari likiwa gereji.'" Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hilo si gari. Huyo ni mimi. Nina kifua tangu Burma."

Nikafuta mstari huo. "Lakini Newala litafika?"

"Litafika."

"Una hakika?"

"Kufika nina hakika. Saa ya kufika ndiyo siijui."

"Wanataka tufike kabla ya adhuhuri."

"Ondoka alfajiri. Chukua debe zima la maji, maana huko juu maji hakuna. Na uwe na mtu wa kupiga pampu."

Mtu wa kupiga pampu akawa mjomba wangu. Kwetu mtu haendi kuposa peke yake. Mjomba ndiye mdomo wako, wewe kazi yako ni kukaa kwa adabu. Mjomba wangu alikuwa katekista, mrefu kama nguzo ya simu, na alipokunjwa ndani ya gari lile magoti yalimfika kifuani. Juu ya magoti tukampakatisha jogoo wa zawadi. Kati ya miguu tukaweka mfuko wa sukari. Mkononi akashika kiatu chake cha kulia.

"Hiki kiatu nilikinunua kwa ajili ya Pasaka," alisema. "Sikujua kitakuja kuwa spana."

Tuliondoka majabali ya Masasi yakiwa bado meusi. Mwanzo wa safari sina malalamiko, isipokuwa kwamba kila mjomba alipoipiga pampu jogoo alidhani anapigwa yeye. Shida ilianza barabara ilipoanza kupanda. Mshale wa joto ukapanda pamoja nasi, ukatutangulia, na mvuke ukafoka chini ya boneti. Tukasimama, tukangoja, tukamimina debe zima. Tukaenda kama maili mbili. Ukafoka tena.

Sasa tulikuwa karibu na kilele, bila tone, na jua limeshaanza kuuma. Ndipo wakatokea kinamama wanne kwenye njia ya miguu inayotoka bondeni, mitungi kichwani, majani yakielea juu ya maji ili yasimwagike. Walisimama kulitazama gari bila kuinamisha shingo.

"Shikamooni, mama zangu," nilisema.

"Marahaba. Baba, hilo limefanya nini?"

"Limechemka, mama. Lina kiu."

"Lina kiu!" alisema mmoja, na wote wakacheka kwa shingo zilizonyooka, hakuna tone lililodondoka. "Na maji linayotoa puani ni ya nani?"

"Naomba mtungi mmoja tu."

"Mtungi mmoja tu! Mimi nimeshuka bondeni jogoo hawajawika, nimesubiri zamu chemchemini mpaka kumekucha, nimepanda na hiki kilima, halafu nije ninyweshe bati?"

"Lipe mate yako, mwenye tai," mwingine alishauri. "Umesoma, utakuwa nayo mengi."

Mjomba alivua kofia. Alifungua mfuko wa sukari, akauinamisha kidogo ili waone weupe wake. Dakika chache baadaye rejeta ilikuwa na mtungi mmoja wa maji ya bondeni, na zawadi yetu ya ukweni ilikuwa nusu mfuko.

Tulifika adhuhuri bado kidogo, tukitoa moshi. Kwa kweli nilijisifu kidogo. Wazee walitoka nje, watoto walikuja mbio kutoka nyumba za jirani, na mjomba wa mchumba wangu, mzee mnene mwenye furaha, alilizunguka gari mara tatu akilipapasa kama ng'ombe. Mama mkwe hatukumwona. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala kusemezana, hasa kabla mambo hayajakamilika. Alikaa jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi, hatua sita kutoka kwenye mkeka wetu, na kila neno lake na letu lilipitia kwa kaka yake, yule mzee mnene, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

Mimi nilikuwa nikifikiria jinsi ya kuomba maji ya kurudia. Nilikuwa nimeshapata njia saba, na zote zilikuwa na kasoro. Kumbe yule mjomba mnene alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kwa ukarimu wake mwenyewe.

"Gari limesafiri, nalo ni mgeni," alisema. Kabla sijamzuia, alikuwa amebeba mtungi mkubwa uliosimama kivulini, akamwagia rejeta maji yote hadi yakafurika. Nilisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya ukuta wa mianzi.

Tukaketi. Mjomba wangu akaanza maneno ya kuposa, maneno mazuri aliyoyaandaa wiki nzima, ya mtu aliyepotelewa na kuku na amesikia kuku huyo kaonekana katika nyumba hii. Katikati ya maneno hayo ndipo niliposikia.

To.

Kimya.

To.

Rejeta ilikuwa ikivuja kwenye mchanga wa Newala, tone baada ya tone, na mchanga huo haubakizi hata alama ya unyevu. Mjomba aliinua sauti. Matone nayo yakaongeza mwendo. To, to, to. Nilijaribu kukohoa kwa wakati unaofaa, lakini hakuna mtu anayeweza kukohoa kwa mpangilio huo bila kupelekwa hospitali ya Ndanda. Hatimaye mkono wa mwanamke ukatokea ukutani, ukasukuma sufuria. Binti mdogo wa nyumba akaichukua, akaitega chini ya gari. Tangu hapo ikawa ti, ti, ti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kaka," sauti ikasema kutoka jikoni, taratibu. "Muulize mgeni. Hilo linakunywa hivyo kila siku?"

Kaka mtu alinigeukia, kana kwamba sikusikia. "Anauliza, hilo linakunywa hivyo kila siku?"

"Inategemea," nilianza. "Kwenye tambarare, kukiwa na baridi, na kama fundi ameziba vizuri, ingawa sehemu aliyoziba inaweza..."

"Anasema ndiyo," mjomba wangu alisema.

Ti, ti.

"Muulize tena. Akioa, atakuja kukaa hapa kwetu mwaka wa kwanza kama wakwe wengine. Hilo nalo litakuja kukaa?"

"Anauliza..."

"Nimesikia, mzee. Mwambie bado nafikiri."

"Anasema bado anafikiri."

"Sawa. Mimi nina miguu hii miwili, na binti yangu ana yake miwili. Mtungi uliomwagwa hapo ulikuwa wa kuwapikia nyinyi na kunawia mikono. Simkatai kijana. Kafika kwa wakati, ana adabu, na mjomba wake anasema vizuri. Lakini sitamtoa binti yangu akachotee chuma maji. Aende akafikiri. Akimaliza, aje."

Tulikula wali mkavu kidogo.

Kurudi kulikuwa rahisi, maana kuteremka hakuchemshi. Tulipofika tambarare mjomba alinigeukia. "Mwanangu," alisema akivaa kiatu chake, "safari nyingine mimi nitapanda lori."

Nilifikiri kwa wiki mbili. Nilijaza kurasa kumi na moja. Nikiagiza rejeta mpya, itafika baada ya miezi mitatu, na fundi alikiri kwamba baada ya rejeta ingefuata pampu ya maji, na baada ya pampu ya maji ingefuata gaskiti, "maana mpya ikikaa na kuukuu, kuukuu inaona aibu inakufa." Nikiacha gari Masasi na kwenda ukweni kwa lori, mama mkwe angejua kwamba nimelificha tu. Nikibeba maji yangu mwenyewe kutoka Masasi, ningekuwa mkwe wa kwanza katika historia kwenda ukweni na maji ya gari na kurudi bila kuwaachia hata kikombe.

Jumapili baada ya ibada nilimsomea mchumba wangu kurasa zote kumi na moja. Naye alikuwa mwalimu, akifundisha shule ya wasichana hapo Masasi, na alikuwa na uvumilivu wa kazi hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Kuna kiambatisho."

"Kiache. Mama hakutaja gari zuri wala gari bovu. Mama alitaja maji. Wewe mbona unamjibu rejeta?"

Sikuwa na upande wa tatu.

Jumatatu nilimwandikia kijana mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi bandarini Mtwara, ambaye aliwahi kulitamani gari lile aliponiona nalo. Alikuja mwisho wa wiki. Nilimsomea daftari lote, safu zote tatu, kwa sababu sikutaka dhambi. Alicheka tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akasema kwake ni tambarare na bomba liko nyuma ya nyumba, kisha akahesabu pesa. Zilikuwa pungufu kuliko nilizonunulia. Fundi alilisindikiza gari kwa macho mpaka vumbi lilipotulia, akasafisha koo, na hakuna aliyeandika.

Kwa pesa hizo nilinunua mabati, mifereji ya bati, mifuko ya saruji na mapipa mawili. Mjomba alikwenda kwanza peke yake, kwa lori kama alivyoahidi, kupeleka neno kwamba nimemaliza kufikiri na kuomba ruhusa ya kuezua nyasi za nyumba ya mama mkwe, tuezeke bati la kukingia maji ya mvua. Ruhusa ikaja siku ya nne. Nami nikapanda lori la korosho, juu ya mabati yangu, pamoja na fundi na misumari yake, na tulifika Newala wekundu kuanzia nyusi hadi soksi.

Mvua zilikuwa bado wiki chache. Tuliezua, tukapiga kenchi za paa, tukachimba shimo la tangi pembeni mwa jiko. Siku ya tatu nilikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, tai nimeifunga kichwani kuzuia jasho, nikipima mwinamo wa mfereji kwa mara ya sita.

"Kaka," sauti ilisema chini, kutoka jikoni. "Mwambie huyo aliye juu asipime tena. Apigilie."

Mjomba mnene aliinua uso. "Anasema..."

Nikapigilia.