Siku Koko Alipokataa Kumtaja Muuaji

Wiki iliyopita nilikuwa Lidcombe, mtaa wa jiji letu la ughaibuni, kwenye duka la mashine za kufulia, nikingoja mashuka yangu yakauke. Runinga ya ukutani ikapiga muziki ninaoujua: fidla nyingi kwa pamoja, kisha mlango unalia taratibu, kama unafunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Ilikuwa moja ya zile filamu za zamani za upelelezi, zisizo na rangi. Nikajikuta nimesimama na kikapu mkononi, na katikati ya harufu yote ile ya sabuni, pua yangu inanusa karanga za Koko zikikaangwa.

Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu kule kwetu Bukavu, na huyu alikuwa mama wa mama yangu. Tulikaa Minto, upande mwingine wa jiji hilo. Kila Jumamosi mchana, mimi na yeye tulijibanza kwenye kochi kumtazama mpelelezi mwembamba mwenye mwavuli, ambaye Koko alimbatiza Komisere. Filamu zake zilikuwa nyingi ajabu na zote zilipita njia moja. Mtu anauawa kwenye jumba kubwa, kila mmoja anashukiwa, na mwishoni Komisere anawakusanya wote sebuleni na kumwelekezea mwenye hatia ncha ya mwavuli. Koko hakujua Kiingereza, lakini kabla karanga hazijapoa alikuwa keshamjua muuaji.

“Njo ule,” alikuwa akisema, yaani ndiye huyo, akimwonyesha daktari au mjane.

“No, Koko! How do you know?”

“Kizungu sisikiake. Naangaliaka mikono.”

Wala hakukosea. Mimi niliyeelewa kila neno ndiye niliyedanganywa kila Jumamosi. Muziki wa mwisho ukinyamaza tu, simu iliyokaa mapajani mwake tangu mwanzo ililia. Alikuwa Mjomba Faustin, kitindamimba wake, akipiga kutoka Bukavu ambako ndiyo kwanza kunakucha. Koko alimsimulia filamu nzima, kwa mbwembwe na uongo wa kuongezea, na kicheko cha Mjomba kilisikika hadi upande wangu wa kochi.

Sasa, ukimlea mtoto kwa filamu za namna hiyo, usishangae akianza kuipeleleza nyumba yake mwenyewe.

Jumamosi ninayotaka kuisema niliamka nikamkuta Mama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, akinong'ona kwenye simu. “Peke yangu siwezi kumuambia Koko,” alikuwa akisema. “Mukuje wote. Watu wa church wakishafika, njo tutamuambia.” Aliponiona, akakata.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa akirudi na habari za vikongwe wanaovaa makoti asubuhi na kukaa dirishani kungoja watoto wao, na watoto hawaji. Bibi wa rafiki yangu wa shule alikuwa amehamishiwa mahali kama hapo majuzi tu. Sikuhitaji mwavuli kuunganisha mambo. Walitaka kumpeleka Koko wangu.

Nikaanza kukusanya ushahidi. Kwanza, Mama alitia chumvi kwenye chai ya Koko badala ya sukari. Koko aliinywa yote, macho yakiwa kwenye mikono ya Mama. Kisha nikafungua ndoo ya unga, ambamo Mama huficha biskuti, nikakuta simu ya Koko, imezimwa. Kwenye filamu, kabla ya jambo baya kutokea, waya wa simu hukatwa kwanza.

Mchana wakaanza kufika. Mama Riziki, jirani yetu tunayesali naye, alikuja na mikate na soda. Mumewe alibeba viti vya kanisani, na haikuwa sikukuu wala siku ya kuzaliwa ya mtu. Walimsalimu Koko kwa mikono miwili, muda mrefu kupita kiasi. Mama Riziki, ambaye kwa kawaida unamsikia kabla hajaegesha gari, alikaa akisokota ncha ya kitenge chake. Nilimchukia kila mmoja wao. Nikajibandika kwa Koko na kushika nguo yake kwa nguvu.

Filamu ilikuwa imeanza. “Koko, ni nani?” nikamuuliza.

Hakuwa akitazama runinga. Aliizunguka sebule yetu kwa macho, polepole, mtu mmoja baada ya mwingine.

“Leo sijue,” akasema.

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Mara Pasta akaingia, na Mama akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

“Apana,” Koko akasema. “Muache kwanza iishe.”

Pasta akamtazama Mama, Mama akamtazama Pasta, kisha Pasta akavuta kiti. Basi kanisa zima likakaa kumwangalia Komisere, mikoba magotini. Mzee mmoja akaniinamia kuuliza ni nani aliyekufa humo, mkewe akamkanyaga mguu.

Komisere alipowakusanya watu wake sebuleni, niliangalia sebule yetu, nikazidi kuikaza nguo ya Koko. Niliapa kwamba Pasta akiitaja tu nyumba ya wazee, nitapiga kelele mpaka mtaa wote utoke nje.

Muziki ukaisha. Koko akazima runinga mwenyewe, akafuta viganja kwenye kitenge, akakaa wima.

“Haya, Pasta. Sema.”

Pasta akasema Mjomba Faustin alizidiwa ghafla, na jana alifariki. Wanawake wakaachia vilio walivyovibana mchana kutwa. Mama akaanguka chini, na Koko ndiye aliyeinama kumkumbatia. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu, kwamba Koko haendi popote. Kilio changu kilikuja baadaye.

Miaka mingi nilimnunia Mama moyoni kwa unafiki wa siku ile. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake, wala kwa simu. Hukusanywa kwanza mikono ya kumdaka. Simu ilifichwa ili pole za watu wa Bukavu zisimfikie kabla ya mikono hiyo. Ushahidi wangu wote ulikuwa sahihi, ila nilimshuku asiye na kosa.

Kuna ushahidi mmoja, hata hivyo, ambao sikuuona mpaka wiki iliyopita, nikiwa na kikapu kile cha mashuka. Mapajani mwa Koko hamkuwa na kitu siku ile. Simu ambayo hakuiacha hata akienda kukaanga karanga, simu ya Faustin wake, haikuwapo, na hakuuliza hata mara moja iko wapi. Aliwaacha wamfiche alichokwisha kukijua, akamwongezea mwanawe uhai wa urefu wa filamu moja.