Mdogo Wangu Hakulia

Juzi mwanangu alijimwagia chai ya moto mkononi, nikamkimbiza hospitali huku akipiga kelele njia nzima. Nesi akautazama ule wekundu na malengelenge, akasema, "Tulia, mama. Huyu anayelia ana nafuu. Mimi naogopa wale walioungua wakanyamaza. Ngozi ikifa mpaka chini, mtoto hasikii kitu." Nikakaa pale pale.

Maana nilimkumbuka mdogo wangu. We acha tu.

Ilikuwa kijijini Itiryo, kwa bibi, msimu wa mahindi mabichi. Jiko lake la nyasi lilinuka moshi, uji wa wimbi na maziwa mgando ya kwenye kibuyu. Jioni tulizunguka mafiga tukichoma mahindi, tukigombea lile lililoiva vizuri. Siku hiyo mdogo wangu aligeuka kuchukua chumvi, gauni lake la nailoni likashika moto mgongoni. Niliupiga ule moto kwa viganja mpaka ukazima.

Mikono yangu ikajaa malengelenge, nikalia majirani wote wakasikia. Bibi akaniloweka mikono kwenye maji baridi, akinitania eti nina roho ya kifaranga. Mdogo wangu alikaa kimya. Mgongo wake ulikuwa mweupe, mkavu, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. "Bibi, hata siumii," alisema. Kwetu Wakurya asiyelia kwa maumivu hupewa sifa, na bibi alimsifu huku akitokwa machozi ya furaha. Akampaka samli, akamchinjia kuku. Jamani, nilimwonea wivu!

Jirani yetu, mchimba dhahabu aliyetoka Geita, alikuja akasema apelekwe hospitali. Bibi akamjibu, "Kwani umemsikia akilia?"

Homa ilipompanda ndipo wakampakia kwenye pikipiki. Alifia njiani.

Bibi hakumsifu tena mtoto kwa kunyamaza. Naye ameshatutoka, jiko limeanguka, na palipokuwa na mafiga pameota majani. Natamani mno tugombee tena lile hindi. Safari hii ningemwachia.

Nesi alipoanza kusafisha kidonda, mzee mmoja kwenye benchi akamwambia mwanangu, "Wewe, mwanaume halii." Mtoto akanyamaza ghafla, akang'ata midomo. Nikamkumbatia kwa nguvu.

"Lia, baba," nikamwambia. "Lia nikusikie."