Bundi Mweupe wa Kwenye Theluji

Nauza nguo za watoto za mitumba Kariakoo, na kila tukifungua belo huwa nanyemelea vitabu. Havikosekani. Kimoja kimejificha ndani ya sweta, kingine kimebanwa na soksi. Karibu vyote ni vya baridi: sungura kavaa skafu, watoto wanateleza kwenye barafu, nyumba zimefunikwa theluji mpaka madirishani. Wenzangu wa pale kizimbani wananicheka. "Dada wa vitabu, leo umeokota Ulaya gani?"

Waache wacheke. Kwetu ni Kilimanjaro, lakini nimezaliwa hapa hapa mjini, na ile theluji ya kwetu naijua kama mtu anavyomjua tajiri wa mtaani: namwona kwa mbali, hatusalimiani. Shule niliishia kidato cha pili, na Kiingereza changu kinaishia kwenye jalada, kwa hiyo hadithi naitunga mwenyewe nikitazama picha. Ndoto yangu ni siku moja nitoe kitabu changu, chenye mvua yetu ndani yake. Kwa sasa msikilizaji ninaye mmoja tu, mpwa wangu wa miaka minne. Yeye, mama yake ambaye ni dada yangu, na mimi tunaishi chumba kimoja kwenye nyumba ya zamani, ile ya korido katikati na uani nyuma.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sungura wanaochimba nyumba kwenye theluji. Kila ukurasa kulikuwa na bundi mweupe kajificha, mara juu ya nguzo, mara nyuma ya moshi, mara katikati ya matawi. Mweupe juu ya weupe. Mchezo wetu ulikuwa kumtafuta. Mtoto akimwona ananyoosha kidole, "Huyo!", halafu anacheka mpaka kwikwi inamshika.

Siku moja bibi mwenye nyumba, mtu wa pwani ya kusini, akatukuta kizingitini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Theluji, bibi."

"Theluji naiona. Huyo juu ya mti je?"

Nikafunika ukurasa kwa kiganja.

"Bundi watu wanamfukuza asitue hata juu ya bati," akasema. "Wewe unamwingiza ndani kwa mikono yako, halafu unamwonyesha mtoto?"

"Ni karatasi tu, bibi."

"Hata cheti cha kifo ni karatasi, mjukuu wangu."

Nilicheka. Lakini alipoondoka nilikilaza kile kitabu kifudifudi, na baadaye nikakisukuma chini ya godoro. Nimekulia mjini, ndiyo, lakini bundi ni bundi. Hata mjini akilia juu ya nyumba watu wanaulizana nani anaumwa.

Masika yakaja. Asubuhi moja dada alivuka bonde la Jangwani kwenda Magomeni kupeleka mzigo wa mteja, mimi nikabaki na mtoto maana aliamka mwili una joto. Mchana mvua ikashuka kama mtu kamwaga ndoo. Dada akapiga simu, anapiga kelele ili nimsikie.

"Jangwani pamejaa maji, mdogo wangu! Mabasi hayavuki. Mtoto vipi?"

"Kachemka, lakini nimempa dawa ya homa."

"Mwangalie vizuri. Sina pengine pa kupita."

Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji pale aliponyoosha kidole kwenye kona ya paa.

"Huyo," akasema.

Hakucheka. Nikageuka kutazama. Palikuwa na bati, na alama ya unyevu. Nilipomrudia, macho yake yalikuwa yamepanda juu, weupe mtupu, na mikono imeanza kurukaruka yenyewe. Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo.

Bibi alifika ametota kanga mbili zote. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Degedege. Yule ndege kampitia. Kitabu kiko wapi?"

"Nampeleka hospitali, bibi!"

"Wakamchome sindano?" Akasimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo yote miwili. "Nilizaa mtoto nikampeleka na degedege, akachomwa sindano, nikarudi na kanga tupu. Huyu hatoki hapa kabla ya yule ndege."

Ningeweza kumwambia maneno ya redio, kwamba degedege ni homa kali, kwamba ni malaria. Ukweli ni kwamba niliogopa pande zote mbili: nikimtii namchelewesha mtoto, na nikimpita, je kama asemayo ni kweli? Nikachomoa kitabu chini ya godoro nikamsukumia kifuani.

"Huyo hapo! Mfanye utakavyo, ila nipishe!"

Akakishika. Akatazama mvua, jiko lake la mkaa pale uani lilikuwa limejaa maji, hakuna pa kukichomea. Akatazama mtaro uliokuwa unafurika.

"Nikimtupa humu ataingia kwa jirani," akasema, akakificha chini ya kanga. "Twende naye."

Ndivyo bundi alivyopanda bajaji pamoja nasi. Dereva anatuambia tunyanyue miguu, maji yanapita ndani, bibi anasoma dua zake, mimi Baba Yetu, nafika katikati napotea naanza upya. Njiani mtoto akaacha kurukaruka. Akatulia. Kule kutulia kulinitisha kuliko kitu chochote. Niliweka sikio mdomoni kwake na injini ikanizuia kusikia.

Hospitalini nesi alimlaza ubavu, akamtoboa kidole kupima, akarudi upesi. "Malaria kali. Tunamchoma sasa hivi."

"Msimchome," bibi akasema, na kucha zake zikaingia kwenye mkono wangu.

"Bibi, utoke nje, au unisaidie kumshika mguu. Chagua."

Bibi aliuachia mkono wangu. Kisha akaweka kitabu kwenye benchi, akaushika ule mguu mdogo kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Mimi sikufumba. Niliitazama sindano ikiingia, nikamtazama mtoto, nikatazama kitabu. Sikujua nimwogope nani kwanza.

Giza lilikuwa linakaribia mtoto alipofungua macho akaomba maji. Bibi akakaa chini sakafuni palepale. Baadaye akamwita nesi, akaomba plasta.

"Umeumia wapi, bibi?"

"Sijaumia. Nikatie vipande vidogo vidogo."

Akafungua kitabu cha sungura na kuanza kumtafuta bundi ukurasa kwa ukurasa. Ilimchukua muda mrefu kuliko mtoto. Kila alipompata, alimbandika plasta, akaikandamiza kwa dole gumba kama anayeziba tundu la ndoo.

Kitabu kiko nyumbani mpaka leo. Mtoto alikililia, na bibi akaridhia kwa plasta zake. Juzi bibi alikuwa anapepeta mchele koridoni, sisi tumekaa kizingitini. Mtoto akafunua ukurasa, akapitisha kidole juu ya plasta.

"Huyo," akasema.

Ungo ukasimama. Na mimi nikamtazama mtoto machoni, nasubiri.

Mtoto akacheka. Ungo ukaanza tena. Nikamgusa mtoto paji la uso kwa kiganja, halafu, kwa kuwa sikukiamini kiganja, kwa mgongo wa mkono.