Siku Mama Alipomtunza Mwalimu wa Bendi

Enzi zetu, sisi Wahindi wa Mombasa tuliofika London na masufuria ya biriani kwenye mizigo lakini bila koti hata moja la maana, mtaa wetu wa Hayes ulinukia kahawa ya kiwandani. Tulikwenda shule tumevaa sweta mbili mbili, pua zikichuruzika, kwenda kula viazi vya kuponda visivyojua pilipili. Watoto wa leo radieta ya ukutani ikichelewa kupata moto dakika tano wanalalamika. Sisi tulikuwa na jiko moja la mafuta ya taa, na ukinyanyuka tu nafasi yako imeliwa.

Kilichonipasha moto hasa ni bendi ya shule. Mwalimu wake, Mista Dawes, alikuwa mwembamba, koti limemchakaa viwikoni, na akishikilia jambo hang'oki. Mwaka ule mkuu wa shule alimwambia mbele yetu kwamba watahini wanakuja, na tukifeli vyombo vitapelekwa shule nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, napiga klarineti ya shule, na hiyo klarineti ndiyo kitu pekee nilichokiona changu katika nchi ile. Nililia chooni mpaka kengele ikalia.

Kila bendi ilitakiwa kupiga miziki mitatu, na uchaguzi ni wa mwalimu. Kwanza alitoa gwaride zito, yaani muziki wa kupigia hatua, lililoipa sifa bendi ya mwaka uliopita. Tulilijaribu mara moja tu. Tarumbeta zilikohoa, klarineti zikalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Wapigaji wakubwa walikuwa wameshamaliza shule, na nusu ya waliobaki tulikuwa sisi wageni. Walimu wenzake walimshauri atuache nje. Mista Dawes alilifungia lile gwaride kabatini, akasema, "Muziki unawachagulia watoto ulio nao, si watoto unaowatamani."

Akaanza kuchambua kama mtu anayechagua mchele. Huu unapanda juu mno, klarineti zetu hazifiki. Huu unataka tarumbeta sita, tunazo mbili. Mwishowe akapata wimbo wa taratibu na gwaride fupi, lakini wa tatu ukamshinda. Ndipo siku moja wakati wa chakula akatukuta tunapiga chakacha juu ya meza kwa vijiko. Mwalimu mwingine angetuadhibu. Yeye aliuliza nani katufundisha, na vidole vyote vikanielekea mimi. "Mamake Zarina, sir!"

Jumamosi akaja nyumbani. Mama hakuwa na Kiingereza, naye hakuwa na Kiswahili, na mimi nilikaa katikati nikitafsiri. Mama alimnywesha vikombe vitatu vya chai ya iliki, kisha akashika sinia, akaimba nyimbo za harusi huku akilipiga. Mista Dawes aliandika, halafu akajaribu kwa klarineti yangu. Akikosea, Mama huligonga sinia kwa nguvu. "Sivyo, mwalimu! Tena!" Alirudia, akakosea, akarudia. Neno hilo la "tena" halikuhitaji mkalimani, na tangu siku ile akawa analitumia kwenye mazoezi, kila asubuhi kabla ya masomo, vidole vyetu vikiwa vimekufa ganzi.

Siku ilipofika, watahini watatu walikaa mbele ya ukumbi na kalamu zao. Wazazi walionywa wasipige makofi wala kunyanyuka mpaka miziki yote mitatu iishe. Nilimweleza Mama mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Miziki miwili ilikwenda vizuri. Chakacha ikaanza, ikakolea, mara nikasikia kigelegele.

Mama alikuwa anashuka ujia wa katikati, leso yake ya kanga kiunoni juu ya koti, mabega yakicheza. Akafika mbele, akatoa noti ya pauni, akambandika Mista Dawes kifuani kwa pini, kama tunavyomtunza mpigaji hodari harusini. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtahini mmoja alikwishainua kalamu. Mista Dawes hakugeuza hata shingo. Alinyanyua kifimbo, akanguruma, "Tena!" Tukarudia toka mwanzo, maana kwetu mtu akitunzwa hurudia.

Tulipita. Walitukata alama kwa kuzidisha muda na kwa fujo za ukumbini, lakini waliandika kwamba mwalimu amechagua muziki unaowafaa wapigaji wake. Vyombo vilibaki. Nyumbani nilimlaumu Mama kwa aibu aliyonipa, naye akanijibu huku akivua viatu, "Mtu anipigie ngoma ya kwetu, huku ugenini, nami nikae mikono mapajani? Adabu gani hiyo?"

Mama na Mista Dawes wote wametangulia, na harufu ya kahawa haipo tena Hayes. Nawakumbuka mno. Mjukuu wangu anapiga tarumbeta shuleni Stanmore, muziki anausikilizia kwenye simu, anafanya mazoezi chumbani peke yake. Wazazi wa siku hizi nao wananyanyua simu kurekodi, hakuna anayemtazama mtoto usoni. Wiki iliyopita, kabla ya tamasha lao, aliniinamia akanong'ona, "Bibi, please, don't get up. Everyone will look."

Nikamwambia sawa, sitanyanyuka watu wakatutazama. Nilitulia miziki miwili. Wa tatu alipiga peke yake, pumzi ndefu, bila kutetereka, na nikamsikia Mama akigonga sinia. Leso ilikuwa mkobani, noti nilikwishaitia pini tangu nyumbani.

Nikasimama.