Aliyenigongea Buti Njia ya Ipole

Jamani, leo mchana kuna aliyenigongea buti la gari, na nyuma hapakuwa na mtu.

Mimi na mama tulikuwa tunarudi kutoka Ipole, huko Sikonge, kuchukua asali. Tukapotea, tukaingia kijia chembamba porini.

Nikasema nageuza. Kigari chenyewe kidogo, shida iko wapi?

Kumbe udogo si hoja. Nilikata usukani mpaka mwisho, bado pua ikaingia vichakani. Nikarudi nyuma ili nikate tena.

Ngo, ngo! Kwenye buti, kama utingo anavyosimamisha lori.

Nikakanyaga breki. "Mama, umegonga wewe?"

"Niko pembeni yako, nigonge vipi?"

Nikashuka. Nyuma ya tairi, karibu kabisa, kisima kisicho na kifuniko, nyasi zimekificha. Nilitupa jiwe, sikulisikia likitua.

Kwenye vumbi la buti kuna alama ya kiganja. Kwenye mchanga, nyayo zangu tu.

"Hicho ni kisima cha enzi za misafara," mama akasema nilipomweleza. Akashusha kioo, akatazama porini. "Shikamoo."

Tukaitikiwa marahaba. Tulisikia wote wawili.

Wenyeji wa Sikonge, pale anakaa nani?