Siti ya Mbele kwenye Boti ya Besi

Besi ni samaki wa kawaida tu, mdomo mpana. Wamarekani wanamvua, wanamtazama, wanamrudisha majini, na kwa kazi hiyo wametengenezewa boti zinazong'aa kama gari la harusi. Niliposikia nilicheka. Lakini niseme habari ya viti, maana viti ndivyo vilivyotuumiza.

Kijana mmoja wa Tanga, jirani yangu pale Takoma Park, alinichukua twende Laurel kutazama boti mbili zilizotumika. Sijui alinitakia nini mimi, niliyeishia darasa la tatu na huku Marekani sijui ila kuosha sufuria za hoteli. Labda alitaka mtu wa kumwitikia. Basi boti ya kwanza ilikuwa na siti tatu kwa safu. Ya pili ilikuwa na mbili tu, za kuzama, kila moja na kioo chake cha kukinga upepo, na katikati kijingazi chenye mto. Zote, kule mbele juu kabisa, zilikuwa na kiti cha mguu mmoja kinachozunguka. Muuzaji akasema kile ni cha kuvulia boti ikiwa imesimama; ikienda hakikaliwi. Kijana akanitafsiria.

Mimi nikapenda ya siti tatu.

"Ami, hii ya mbili nyepesi, inaruka," akasema. "Na mimi na mke wangu si wawili tu?"

Akachukua ya mbili.

Kiangazi kile mkwewe akaja kutoka Tanga. Binti alikuwa amemwomba miaka na miaka, mama alishafariki, amebaki na baba tu. Mzee mcheshi, mnene kidogo, magoti mabovu. Jumamosi tukaishusha boti mtoni kule Bladensburg, sisi watatu, yeye na jaketi la kuokolea juu ya kanzu. Kijana akashika usukani. Nikampisha mzee siti ya pili, akaitazama ilivyozama.

"Nikiingia humo mtanitoa kwa winchi."

"Basi kaa hapa kati," nikamwambia.

"Juu ya ngazi? Bwana, mimi mtoto wa kuchungwa?" Akacheka, akajikongoja mpaka mbele, akapanda kile kiti cha mguu mmoja. "Kumbe mkubwa kawekewa hapa."

Nikamkumbusha alivyosema muuzaji. Akanijibu kwamba muuzaji hamjui yeye. Nikamtazama kijana, naye akatazama maji. Kwetu mkwe haamrishwi na mtu aliyemwoza binti yake. Kijana yule hata kula naye sinia moja kulikuwa kunamtoa jasho. Alichoweza ni kwenda polepole, na kweli alikwenda polepole, boti ile ya kuruka ikajivuta kama bata.

Tulipotokea mto mkubwa wa Potomac likapita boti kubwa la starehe. Halikutugusa, lakini wimbi lake lilikuja likainua pua yetu, kisha pua ikashuka ghafla. Mzee akabaki hewani kidogo, akaangukia mgongo kwenye ukingo. Damu hata tone. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Miguu yangu mmeiweka wapi?"

Ilikuwa pale pale mbele yake.

Askari wa mtoni akaja, akauliza nani kamkalisha pale. Kijana alikijua Kiingereza vizuri, ila mdomo haukufunguka. Mzee, vile vile alivyolala, akasema, "Mwambieni nimepanda mwenyewe." Nikasema mimi, kwa Kiingereza changu cha jikoni.

Akalazwa mpaka majani yakaanza kudondoka, na humo hospitalini ndimo alimofia. Siku ya maiti kutolewa, binti alinisimamisha ukumbini. Alikuwa halii tena.

"Ami, wewe ulikuwepo. Baba alikatazwa?"

"Mimi nilimwambia."

"Na mume wangu?"

Nilitaka kumsitiri yule kijana, nikashindwa. Nikamwambia mumewe hakusema kitu. Akafunga mtandio wake vizuri, akaingia ndani kwa baba yake, akaufunga mlango, na mumewe bado alikuwa nje.