Bibi Lan Alikuja Kutoa Mizizi Chunguni

Usiku ule nililala nimemkasirikia kuku. Nacheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimempika kwa muda wa saa tatu nzima, kuku wa kienyeji, moto mdogo, kifuniko hakijaguswa, na tangawizi na tende nyekundu za Kichina na mizizi ya dawa. Mzee Fai akanusa mara moja tu, akalisukuma bakuli mpaka ukingoni mwa meza.

"Kunywa wewe, Mwaju. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, Mzee? Tangu asubuhi umekula upepo."

"Upepo wa Tanga una vitamini," akasema, akageukia ukuta.

Mzee Fai ni Mchina wa hapa hapa. Wazazi wake walitoka Kantoni, kusini kabisa mwa Uchina, lakini yeye kazaliwa mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alikuwa fundi baiskeli. Mkewe ndiye Bibi Lan, na Bibi Lan ndiye aliyenifundisha supu. Mimi nimeishia darasa la saba. Niliingia nyumba ile kuosha vyombo, nikakaa miaka sita, na leo nasema bila kujisifu sana: supu za Kikantoni nazijua. Kuku unamchemsha kidogo kwanza, maji yale ya mwanzo yenye povu unamwaga, ndipo unaanza upya na maji safi. Chumvi mwisho. Na ukishafunika, mkono wako ukae mbali.

Mzizi wenyewe wanauita dong gwai. Unakuja mkavu, umekatwa vipande vyembamba, rangi kama karatasi ya zamani. Ni dawa ya damu, tena hasa ya wanawake. Una harufu kali, tamu na chungu kwa pamoja, na ikishaingia kwenye mapazia haitoki. Vipande vitatu vinatosha chungu kizima. Lakini Bibi Lan alipougua, miezi ile yote ya kulala chumbani, alikuwa ananiambia ongeza, damu yangu inasikia baridi. Nikaongeza. Vitano, saba. Alikuwa anakunywa huku amefumba macho, na ananishukuru kila bakuli.

Basi alipofariki, mimi sikuacha. Nilimwona Mzee anavyokonda, mashati yanamning'inia, nikasema moyoni huyu damu yake imepoa, namtia nguvu. Nikafika vipande kumi. Kila akikataa leo, kesho nazidisha. Ndiyo akili yangu ilipofika.

Dada Yin, binti yao wa pekee, yuko Dar. Alhamisi ile alipiga simu.

"Mwaju, niambie ukweli. Baba anakula?"

"Anaonja, dada."

"Kuonja si kula. Jumapili nakuja. Nikimkuta hivyo hivyo naondoka naye, na nyumba tunafunga."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Lakini Mzee alikuwa amekwisha niambia siku moja, bila hata kuinua sauti: "Wakinitoa humu, Mwaju, sifiki hata Segera, nafia njiani." Nilimwamini. Nikalala na maneno hayo.

Nikaota niko jikoni, na ni mchana. Jua limeingia mpaka chini ya meza. Bibi Lan amekaa kwenye mbuzi ya nazi, ile suruali yake ya maua na sandali zake za yeboyebo za kijani, mnene kama zamani kabla ya ugonjwa, mashavu yamejaa. Sikushtuka hata kidogo. Nilimwona kama mtu aliyetoka sokoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Toa ulimi."

Nikatoa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila asubuhi tulipanga foleni, mimi na Mzee, na Dada Yin akija, tunatoa ulimi. Anaangalia, anavuta ngozi chini ya jicho, anaguna. Kisha yeye ndiye anayeamua leo utakunywa nini. Wewe una joto, wewe umechoka, wewe umelala vibaya. Hakuna aliyeuliza na hakuna aliyeombwa maoni. Supu katika nyumba ile ilikuwa inakujia tu, kama siku inavyokujia.

Akauangalia ulimi wangu muda mrefu. Akaguna.

"Wewe mzima," akasema. "Twende."

Tukatoka, na nje si uani, ni Soko la Mgandini. Bibi Lan yuko mbele anapita katikati ya watu na watu wanampisha. Anashika papai bichi, analigonga kwa kidole, analirudisha. Muuza mapapai anamwambia, "Mama, hilo si mlango, usibishe hodi." Bibi Lan anacheka mpaka anashika kiuno. Mimi nambebea kikapu, nasikia raha, nimesahau kabisa kwamba tumemzika. Halafu nakumbuka. Natazama ndani ya kikapu, na ndani mna chungu chetu kinachemka, kizito, na hakiniunguzi.

"Funua," anasema.

"Bibi, saa tatu hazijatimia."

"Funua, mwanangu."

Nafunua. Mvuke unapanda, ile harufu inatoka, na soko lote linanyamaza. Tumo chumbani mwake sasa. Kile kitanda, lile beseni, lile pazia la bluu tulilokuwa hatulifungui kwa sababu mwanga ulimuumiza. Lakini kitandani hakuna mtu. Bibi Lan amesimama kando yangu, amekunja mikono ya blauzi, anaingiza mkono kwenye supu inayochemka kama mtu anayetafuta kijiko kwenye maji ya kuoshea. Anatoa kipande cha mzizi. Anakiweka kwenye mto. Anatoa kingine, anakiweka kwenye shuka. Kingine, kingine. Nataka kumwambia nilitia kumi tu, lakini vinaendelea kutoka, kitanda kinajaa, vinaanguka sakafuni, na kila kimoja kinanuka zile siku zake za mwisho.

Dirishani namwona Mzee Fai. Yuko nje barabarani, kijana, nywele nyeusi tii, ameshikilia baiskeli. Anautazama mlango. Anapiga hatua moja, harufu inamfikia, anarudi nyuma. Anajaribu tena. Anarudi.

"Mbona haingii?" nauliza.

Bibi Lan anafuta mkono kwenye kanga yangu, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hii ni supu yangu, Mwaju," anasema. "Mimi nimekwisha imaliza. Mpe yake."

"Yake ipi, Bibi? Hukunifundisha yake."

Hapo akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama akiwa hai. Kama mtu aliyekosea jambo na ameamua kulisema bila aibu.

"Miaka yote nimemwangalia ulimi," akasema. "Sikumuuliza hata mara moja. Kamuulize. Ana mdomo."

Nikataka kumshika mkono, nikajikuta nimeshika ukingo wa godoro. Kumepambazuka, jogoo wa jirani anapayuka, na machozi yamenilowesha shingo. Lakini sikuwa na huzuni. Niliamka nina jambo la kufanya, na najua ni lipi.

Kwanza nilikwenda jikoni, nikamwaga supu ya jana. Yote. Nikaosha chungu kwa majivu na limau. Nikafungua madirisha, kisha nikaingia chumbani kwa marehemu, nikalishusha lile pazia la bluu, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni. Mzee alinikuta uani nalikanyaga kwa miguu.

"Una vita na pazia?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Mzee, na mimi nakuuliza. Leo unataka supu gani?"

Akanitazama kama nimesema Kirusi.

"Nini?"

"Supu gani unataka. Wewe. Sikutazami ulimi. Niambie."

Mzee Fai akakaa kwenye kizingiti. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikaacha pazia nikamkimbilia. Kumbe anacheka.

"Miaka hamsini ya ndoa," akasema, "hilo swali sijawahi kuulizwa. Bibi yako Lan angesikia angekuchapa mwiko."

"Yeye ndiye aliyenituma."

Nikamwambia ndoto yote, vile ninavyowaambia nyinyi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye mizizi kitandani, akainua mkono nisiendelee.

"Kila ukifunua kile chungu," akasema, "namwona amelala mle chumbani tena. Nilijua unanipikia kwa mapenzi. Nikaona aibu kukwambia."

Wiki zote zile nilikuwa namletea ugonjwa wa mkewe kwenye bakuli, na tena namhimiza amalize.

"Basi sema unachotaka," nikamwambia. "Soko limefunguka."

"Samaki na papai," akasema haraka, kama neno lilikuwa limemsubiri mdomoni. "Samaki awe changu. Na papai lililoanza kugeuka manjano, si bichi kabisa. Lan alikuwa akiipika Yin alipokuwa mchanga. Yeye ndiye aliyekuwa ananyonyesha, supu ya kuleta maziwa ilikuwa yake, mimi nilikuwa naiba. Nilikuwa nasubiri alale."

Nilikwenda Mgandini mbio. Niliporudi, Mzee alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda. Jikoni! Mwanaume yule sikuwahi kumwona akivuka mlango wa jiko Bibi Lan akiwa hai. Akaanza kuniamuru. Kaanga samaki kwanza na tangawizi, pande zote mbili, usimpinduepindue. Sasa maji. Si ya baridi, mtoto, ya moto, yanayochemka, mimina kwa mkupuo. Nikamimina, na supu ikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, nyeupe kama tui la nazi, na ndani hamna hata tone la tui. Mimi niliyedhani supu zote nazijua!

"Umejuaje haya, Mzee?"

"Mwizi huwa anaangalia vizuri," akasema.

Nikatia papai. Halafu nikasimama na lile kopo la mizizi mkononi, sijui nilifiche au nilirudishe rafuni. Yeye akaliona. Akanyoosha mkono, akafungua kopo, akachagua kipande kidogo kabisa, akakinusa. Machozi yalimlengalenga. Akakitia chunguni mwenyewe.

"Kimoja," akasema. "Asije akadhani tumemfukuza."

Tulikaa pale mpaka ikaiva. Nikampakulia, nikaweka mezani, nikajifanya nafuta jiko. Nilisikia kijiko. Kikanyamaza. Nikasikia tena. Kisha nikasikia analiinua bakuli lenyewe, anakunywa kwa kelele, ile kelele ambayo Bibi Lan alikuwa akiigombeza kila siku.

"Chumvi haba," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ndiyo nini? Lete chumvi. Na ongeza."

Nikampa la pili, akamaliza na samaki, akapanga miiba pembeni kama fundi anavyopanga skrubu. Akaomba simu. Nikampigia Dada Yin, nikampa. Nilisikia sauti ya dada huko upande wa pili inauliza kwa wasiwasi, baba kuna nini, baba unaumwa, nije leo?

"Usije leo," Mzee akasema. "Njoo hiyo Jumapili yako. Na sikiliza, Yin. Usile chochote njiani. Uje na njaa."